Injini ya Subaru ndani ya Kombi kuukuu: kazi yenyewe ni maji

Kombi ile ililetwa gerejini kwangu hapa Chake Chake ikivutwa kwa kamba. Ni VW ya miaka ya 1970. Nyuma ina kitanda, jiko la gesi na tangi la maji, na mwenyewe huwa anakwenda kulala nayo ufukweni Vumawimbi siku tatu nne. Injini yake ya asili, ile 1600 inayopozwa kwa upepo, ilikuwa imekwisha, pistoni moja imetoboka. Hata ilipokuwa mpya ilitoa nguvu za farasi 50 tu, na Pemba si Unguja. Huku ni kupanda na kushuka.

"Fundi, nitilie ya Subaru," akanambia.

"Mzee wangu, kuitia si shida. Shida ni kuipoza."

Ndilo ninalotaka kulieleza, kwa sababu wanaonipigia simu huuliza bei ya injini tu.

Subaru huingia vizuri kwenye Kombi kwa kuwa silinda zake nne zimelala, mbili kila upande, kama za VW, na inazunguka upande uleule. Gia boksi ya VW inabaki. Tulichagua injini ya Subaru iitwayo EJ20, isiyo na turbo, cc 1994, maana belti na plagi zake hupatikana. Yenye turbo siitii. Hata hii ya kawaida ina nguvu zaidi ya mara mbili ya ile iliyotoka, na gia boksi ya Kombi haikutengenezwa kwa mzigo huo. Breki nazo nazitazama kabla ya injini: Kombi za kabla ya modeli ya 1971 zina ngoma magurudumu yote manne, na hizo sizigusi mpaka zifungwe diski mbele.

Kati ya injini na gia boksi hukaa bamba la alumini. Lichongwe kwenye mashine, si kwa grenda na jicho. Shafti ya gia boksi ikipishana kidogo tu na kitovu cha flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, bearingi hufa mapema na gia huanza kugoma. Sampu nayo, karai la oili la chini ya injini, hukatwa ikafupishwa, pamoja na bomba linalonyonya oili, la sivyo jiwe la kwanza la njia ya shamba litaipasua.

Sasa maji. Kombi hii haijapata kuwa na rejeta. Niliiweka mbele chini, ipate upepo, na feni mbili za umeme. Mabomba yanayopita urefu mzima wa gari nilitumia chuma cha pua, kwani chumvi ya pwani hula chuma cha kawaida upesi.

Wengi hukosea kwenye themostati, kile kifaa kinachofungulia maji ya rejeta injini ikipata moto. Katika Subaru imekaa pale maji yanapoingilia injini yakitoka kwenye rejeta, si yanapotokea. Hufunguka kwa kuguswa na maji moto yanayorudi kutoka kwenye hita ya ndani ya gari. Fundi akisema "sisi hatuna baridi" akaziba mabomba ya hita, themostati hukaa ndani ya maji baridi, haifunguki, na huku silinda zinachemka. Kazi yangu ya kwanza ya namna hii niliziba, na gasketi ya hedi ikaungua njiani kabla ya Konde. Siku hizi nayaunganisha mabomba hayo mawili kwa hozi, maji yazunguke.

Kisha kuna hewa inayonaswa ndani ya mabomba, lazima itoke. Nanyanyua pua ya gari kwa jeki, naacha wazi kizibo cha juu ya rejeta, namimina maji polepole mpaka mapovu yaishe. Kazi hiyo hunichukua asubuhi nzima, na siifanyi nikiwa na haraka.

Belti ya taimingi ndiyo inayozungusha pampu ya maji, kwa hiyo vyote viwili nabadilisha injini ikiwa bado chini.

Nyaya: nunua injini pamoja na nyaya zake, kompyuta yake na sensa zake, vyote vya gari moja. Yetu ilikuja nyaya zimekatwa. Rahisi ghali, fundi wa umeme alikaa siku tisa akiunganisha waya mmoja mmoja. Petroli nayo inataka pampu ya umeme yenye shinikizo na bomba la kurudisha tangini, na tangi lenyewe lisafishwe kutu kwanza. Risiti ya injini itunze, kwani namba ya injini iliyo kwenye kadi ya gari lazima irekebishwe.

Tuliijaribu wakati wa kaskazi, saa saba mchana, watu watano ndani na tangi la maji limejaa, kutoka Mkoani kupanda mpaka Chake. Mshale wa joto haukupita katikati. Tulisimama mahali karafuu zimeanikwa kando ya barabara, nikaingia chini na kushika mabomba: la kwenda linaunguza, la kurudi linashikika. Nilifurahi kweli. Mzee ataileta tena Ijumaa baada ya sala, nikaze vibano vya hozi, maana mpira mpya hulegea ukishapata moto.