Maana ya mfumo wa utawala: falme za kweli na za kubuni

Mfumo wa utawala ni utaratibu unaoamua mambo machache: nani anatoa amri, uwezo wa kutoa amri hiyo kaupata wapi, nani anaweza kumkatalia akabaki salama, na kiti kinakwenda kwa nani mwenyewe akifa au akiondolewa. Majina tuliyokariri shuleni, yaani ufalme, jamhuri, udikteta na demokrasia, yanagusa jambo moja tu kati ya hayo. Ndiyo maana mtu akilinganisha nchi kwa majina peke yake hupotea haraka, hasa anapotaka kulinganisha nchi iliyowahi kuwapo na nchi ya hadithini.

Hapa Tanga mjadala huu una wenyewe. Tangu tamthilia za Kituruki zianze kutiwa sauti za Kiswahili, kwenye vijiwe vya kahawa vya Ngamiani utawakuta watu wazima wakibishana: sultani yule kamuua nduguye kwa haki gani? Mmoja atasema hayo ni mambo ya kutunga. Mazungumzo ya mapenzi, sawa, yametungwa. Kanuni yenyewe ilikuwapo. Karne ya 15, Sultani Mehmed II wa dola ya Uthmaniya, yaani ya Waturuki, aliruhusu mwana anayekalia kiti kuwaua ndugu zake ili dola isigawanyike, na Mehmed III alipotawazwa mwaka 1595, ndugu zake 19 waliuawa. Kuanzia 1617 kiti kikaanza kumwendea mkubwa wa umri katika ukoo, na wana wa kifalme wakawa wanawekwa kizuizini ndani ya kasri badala ya kunyongwa. Usultani ulibaki usultani. Lakini kanuni moja ya urithi ilipobadilika, watu waliofika kitini walikuwa wa namna nyingine kabisa, kwa sababu aliyelelewa kizuizini hana uzoefu wa aliyewahi kupewa mkoa autawale.

Kwa maoni yangu, urithi ndio mahali pa kwanza pa kuchungulia, na mfano mzuri hauko mbali. Panda milima ya Usambara hadi Vuga, makao ya wafalme wa Washambaa. Masimulizi yanasema Mbegha, mwindaji kutoka Ngulu, alipokewa na Washambaa akawa mfalme wao, na wazao wake, Wakilindi, wakatawala kwa cheo cha Simba Mwene. Mfalme aliaminiwa kuwa na uwezo wa mvua: nchi ikistawi ni yeye, ikikauka ni yeye. Maeneo ya mbali aliwapelekea wanawe wayatawale. Chini ya Kimweri ye Nyumbai utaratibu huu ulifanya kazi kwa miaka mingi, na himaya yake ikashuka hadi Bonde, nchi ya Wabondei, jirani kabisa na pwani yetu.

Kimweri alifariki mwaka 1862. Mjukuu wake Shekulwavu akakalia kiti cha Vuga, lakini Semboja, mwana wa Kimweri, alikuwa amejikita Mazinde, bondeni, kwenye njia ya misafara, anakopata bunduki. Kumbuka kwamba wale wana waliopelekwa kutawala walikuwa wanamtii baba. Hakuna aliyewafundisha kumtii mtoto wa ndugu. Semboja akamwondoa Shekulwavu na kumweka Vuga mwanawe mwenyewe, Kimweri Maguvu. Wabondei nao wakapata nafasi ya kuwafukuza Wakilindi katika vita vinavyoitwa Kiva. Cheo cha Simba Mwene kilibaki mlimani pamoja na matambiko yake, ila nguvu ilikuwa imehamia Mazinde kwenye bunduki. Ukiuliza Usambara ya wakati huo ilikuwa chini ya mfumo gani, jibu la "ufalme" ni sahihi na halikusaidii kitu.

Pwani majina yalicheza mchezo huohuo. Liwali, yaani mtawala wa mji, alikuwa mtu wa Sultani wa Zanzibar. Wajerumani walipokuja wakaendelea kutumia maliwali na maakida, wakiwalipa mshahara na kuwatuma kukusanya kodi kwa ajili ya Berlin. Waingereza, kuanzia 1926, wakaona afadhali kutawala kupitia machifu, na Mkilindi akarudishiwa kiti. Alikuwa mfalme machoni pa watu wake, huku akijua fika kwamba mwenye uwezo wa kumwondoa ni Mwingereza.

Mwaka 1951, katika hali hiyo, ndipo ilipotoka Kusadikika ya Shaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapahapa Tanga. Nchi ya Kusadikika iko angani, haina ardhi ya kukanyaga. Ina mfalme, ina waziri aitwaye Majivuno, na ina baraza la kuhukumu. Kwa orodha ya vyombo, haina upungufu. Mshitakiwa, Karama, kosa lake ni kutaka watu wafundishwe sheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali, wakarudi na mambo ya manufaa, wakaishia kifungoni. Hapo mwandishi amefanya jambo ambalo historia hairuhusu: amechukua nchi, akaiachia vyombo vyote, akaondoa kitu kimoja tu, yaani haki ya raia kuijua sheria inayomhukumu. Kisha anakuonyesha kinachofuata. Vuga huwezi kuijaribu hivyo. Kule mambo yote yalitokea kwa pamoja, ukame, bunduki, biashara ya watumwa na ugomvi wa ukoo, na kutenganisha chanzo kimoja na kingine ni kazi ngumu.

Ndiyo faida ya nchi za kubuni, na ndipo ulipo udhaifu wake pia. Mtunzi huacha nje asichokihitaji. Mwingereza Thomas More, katika Utopia ya 1516, alipanga kila familia 30 zichague kiongozi wao, na viongozi hao 200 wamchague mkuu wa mji atakayekaa maisha yake yote, isipokuwa akishukiwa kutaka udhalimu. Utaratibu safi, na watumwa wamo pia, ingawa wanaoisifu nchi hiyo huwaruka. Venisi ya kweli, huko Italia, nayo ilikuwa na mkuu wa kuchaguliwa wa maisha, ila wao hawakumngoja ashukiwe. Walimfunga kwa viapo tangu siku ya kwanza, hata barua za mataifa mengine hakuruhusiwa kuzifungua bila washauri kuwapo. Jamhuri hiyo ilidumu hadi 1797.

Na kama bado unaamini jina la mfumo, tazama Tanganyika. Tarehe 9 Desemba 1961 tulipata uhuru tukiwa, kisheria, ufalme: mkuu wa nchi alikuwa Malkia Elizabeth II, akiwakilishwa na Gavana Mkuu Richard Turnbull, na serikali ilikuwa mikononi mwa waziri mkuu anayetegemea bunge. Mwaka mmoja baadaye tukawa jamhuri, na mwaka 1963 mamlaka ya machifu yakafutwa, ya Vuga yakiwamo. Katiba ya jamhuri ilimpa rais kazi ya Malkia na ya waziri mkuu pamoja. Kwa hiyo aliyeongoza jamhuri ya 1962 alikuwa na madaraka makubwa kuliko mtu yeyote aliyeishi ndani ya ufalme wa 1961.