Vitabu vya sataranji: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kabla hujatoa pesa kwa kitabu cha sataranji kwenye vitabu vya mitumba vinavyotandazwa kando ya barabara katikati ya Nairobi, achana kwanza na haya yanayopotosha wengi.

"Kitabu kizuri ni cha bingwa wa dunia."

Mark Dvoretsky wa Moscow, ambaye kitabu chake cha mwisho wa mchezo kinaheshimiwa hata na magrandmasta, mwenyewe aliishia daraja la masta wa kimataifa, lililo chini ya grandmasta. Jeremy Silman wa Marekani vilevile. Hawa walikuwa walimu, na mwalimu anajua mwanafunzi anakwama wapi. Bingwa huliona jibu papo hapo, akaruka hatua tatu ambazo ndizo ulizokuwa unazitafuta. Capablanca ni tofauti: kitabu chake cha 1921, mwaka ule ule alioutwaa ubingwa, kinasomeka bila taabu. Tena jina la jaladani lisikudanganye. Kitabu cha wanaoanza chenye jina la Bobby Fischer, cha 1966, aliandika pamoja na Stuart Margulies na Donn Mosenfelder.

"Kitabu cha zamani kimepitwa na wakati."

Inategemea sura gani. Uchambuzi wa ufunguzi huchakaa haraka, na programu ya simu itauumbua kwa sekunde chache. Mwisho wa mchezo, kwa sehemu kubwa, hauchakai.

Kinachowashinda watu hasa ni namna hatua zilivyoandikwa. Vitabu vingi vya Kiingereza vya kabla ya miaka ya 1980 vinatumia mfumo wa kale. Humo P-K4 ni askari kwenda mraba wa nne katika safu ya mfalme. Kwa Mweupe hiyo ni e4 katika mfumo wa sasa (herufi ya safu, kisha namba ya mstari); kwa Mweusi, maandishi yale yale ni e5, kwa kuwa kila mchezaji huhesabu kuanzia upande wake. Msomaji asiyejua humchezesha Mweusi N-KB3 (farasi kwenda mraba wa tatu, safu ya askofu wa upande wa mfalme) kwa kumtafutia farasi nafasi f3 badala ya f6, na hatua mbili baadaye ubao wake haufanani tena na wa kitabuni.

Andika ufunguo huu kwenye karatasi uuweke ndani ya jalada (K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi; K au Q mbele ya herufi nyingine ni upande wa mfalme au wa malkia): QR ni a, QN b, QB c, Q d, K e, KB f, KN g, KR h. Ikiwa ni zamu ya Mweusi, toa namba kutoka 9: 4 inakuwa 5, 3 inakuwa 6. Ukiona Kt, hiyo ni farasi, mtindo wa vitabu vya zamani zaidi.

"Mkao wa Lucena umo katika kitabu cha Lucena."

Haumo mkao huo maarufu wa mwisho wa mchezo, ambao mwenye ngome na askari humshinda mwenye ngome pekee. Kitabu chake kilitoka Hispania mwaka 1497. Mkao wenyewe unapatikana kwa Salvio, Mwitaliano, mwaka 1634. Muhimu zaidi ni kujua unavyochezwa. Mweupe: mfalme g8, askari g7, ngome f1. Mweusi: mfalme e7, ngome h2. Zamu ya Mweupe. (R ni ngome, K ni mfalme, + ni cheki, yaani mfalme ameshambuliwa.)

1.Re1+ Kd7 2.Re4 Rh1 3.Kf7 Rf1+ 4.Kg6 Rg1+ 5.Kf6 Rf1+ 6.Kg5 Rg1+ 7.Rg4

Siri iko kwenye hatua ya pili: ngome inakaa mstari wa 4 ili baadaye imkinge mfalme na cheki. Wengi wanamtoa mfalme kabla ngome haijafika hapo, na cheki haziishi.

"Kikichapishwa, hakina kosa."

Mwaka 1851 wachambuzi Kling na Horwitz walichapisha mkao ambao farasi mmoja alionekana kujilinda dhidi ya maaskofu wawili, na vitabu vikaurudia kuwa sare kwa zaidi ya karne. Mwaka 1983 kompyuta ya Ken Thompson, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, ilithibitisha kwamba kwa kawaida maaskofu hushinda, ingawa huweza kuhitaji hadi hatua 66. Kanuni ya hatua 50 (sare ikiwa hatua 50 zimepita bila kete kuliwa wala askari kusogezwa) bado ipo, kwa hiyo mwenye farasi asikate tamaa mapema.

"Kompyuta imeua vitabu."

Kompyuta inakupa hatua bora na namba ya kuonyesha nani yuko mbele. Sababu haisemi.

"Nikimaliza kurasa, nimejua."

Kusoma kwa macho tu ni kupoteza muda. Panga ubao halisi, funika hatua zinazofuata kwa kadi, andika hatua yako kwa penseli, kisha sogeza kadi mstari mmoja. Mkikosana na mwandishi, mjaribie hatua yako kwa dakika tano kabla ya kumkubali. Tumia ubao wa pili mdogo kwa michepuko ya kwenye mabano, maana kurudisha kete nyuma ndiko kunakovuruga mkao. Weka alama kwenye mafumbo uliyoyakosa, uyarudie baada ya wiki. Ndani ya matatu hutaweza kupanga ubao. Beba kitabu cha mafumbo ya mati kwa hatua mbili, mchoro mmoja kwa kila fumbo, na majibu yawe nyuma kabisa, si chini ya ukurasa ule ule.