Kabla ya Kuandika Programu Upya, Pima Umeme

Dhana: "Maikrokontrola ikijiwasha upya yenyewe, kosa liko kwenye programu."

Nimelisikia hili kwa wanafunzi mpaka limenichosha. Rilei (swichi inayoendeshwa kwa sumaku ya umeme) inawaka, maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ndani ya chipu moja, inaanza upya, na mtu anakesha akipangua mistari ambayo haina kosa lolote. Mara nyingi tatizo ni umeme, na umeme haurekebishwi kwa kibodi.

Koili ya rilei huhifadhi nishati kwa njia ya usumaku. Ukiukata mkondo ghafla, koili hutoa volteji ya kinyume inayoweza kufika volti mamia, nayo hupita popote inapopata upenyo. Dawa ni dayodi moja tu, kijenzi kinachopitisha mkondo upande mmoja, tuseme 1N4007, ifungwe sambamba na koili, katodi (upande wenye mstari) ikielekea chanya. Ukiigeuza, umetengeneza shoti. Mota nayo huvuta mkondo mkubwa inapoanza kuzunguka, na kwa milisekunde chache volteji ya saketi nzima inashuka. ATmega328P, maikrokontrola ya Arduino Uno, ikienda kwa 16 MHz inahitaji takriban volti 3.8 au zaidi. Chini ya hapo mtengenezaji hakuhakikishii chochote. "Lakini multimita inaonyesha volti 5!" Ndiyo, kwa sababu multimita ni nzito kuitikia, haiwezi kuona mshuko wa milisekunde moja. Osiloskopu, kifaa kinachochora volteji inavyobadilika, huuona.

Kama huna osiloskopu, iulize chipu yenyewe. ATmega328P ina rejista (sehemu ndogo ya kumbukumbu) iitwayo MCUSR, ambayo biti zake hutunza sababu ya kuwaka upya. Biti ya BORF ikiwa 1, volteji ilishuka, mradi uwe umewasha kinga ya kushuka kwa volteji. WDRF ikiwa 1, saa ya ulinzi (watchdog), inayoianzisha chipu upya programu ikikwama, ndiyo iliyoiwasha upya, na hapo kweli rudi kwenye programu yako. Isome mwanzoni kabisa, na ujue kwamba baadhi ya butiloda, programu ndogo zinazotangulia kuendeshwa chipu ikiwaka, huifuta kabla programu yako haijaanza. Sijui kwa nini jambo hili hufundishwa mwishoni, kama hufundishwa kabisa.

Halafu weka kapasita ya nanofaradi 100 karibu na kila jozi ya pini za umeme, VCC (chanya) na GND (hasi). Nikisema karibu na pini namaanisha milimita chache, si upande wa pili wa bredibodi. Michoro mingi ya wanaoanza huziacha kapasita hizi ili ipendeze machoni. Usiiige.

"Pini inatosha kuendesha mota ndogo." Haitoshi. Miliampea 40 za ATmega328P ni mpaka wa kuharibika, si kiwango cha kufanyia kazi. Mimi sipiti 20, na mota naipa transista.

"Pini ambayo haijaunganishwa husoma sifuri." Husoma chochote, hata kelele ya mkono wako ukiupitisha karibu. Washa rezista ya ndani inayoivuta juu (pull-up), basi.

"Kwenye EEPROM naandika nitakavyo." EEPROM ni kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika, na kila seli yake imehakikishiwa kuandikwa mara 100,000. Ukihifadhi kipimo kila sekunde kwenye anwani ileile, idadi hiyo unaimaliza kabla ya saa 28 kutimia. Andika pale tu thamani inapobadilika, na uwe unahamahama anwani.

"Nikinunua chipu yenye kasi zaidi, kitufe kitaacha kuhesabu mara mbili." Kitaongeza! Vyuma vya kitufe hurukaruka kwa milisekunde kadhaa kila unapokibonyeza, na chipu yenye kasi huiona miruko mingi zaidi. Subiri milisekunde 20, kisha usome tena.

"Lazima nianze na lugha ya asembli." Si lazima, C inatosha kuanzia. Usichoweza kukwepa ni datashiti, hati ya mtengenezaji inayoeleza chipu. Ile ya ATmega328P ina mamia ya kurasa na hakuna anayezisoma zote. Anza na sura ya sifa za umeme, ambayo wengi hawaifikii kwa sababu imewekwa karibu na mwisho.