Jazba: neno lililoanzia mbali na hasira

Mtu akifoka mkutanoni mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, tunasema amepandwa na jazba. Neno hilo limeshazoea siasa na mpira, lakini halikuzaliwa huko. Kwa Kiarabu jadhba ni mvuto, kule kuvutwa. Masufi, Waislamu wanaomtafuta Mungu kwa njia ya moyo, walilitumia kwa hali ya mja anayevutwa na Mwenyezi Mungu kwa nguvu isiyo yake, na aliyezama katika hali hiyo wakamwita majdhubi. Asili yake ni neno la mapenzi. Kwenye hasira tumelifikisha sisi, nadhani kwa sababu ya ile dalili ya nje: mwili uliomshinda mwenyewe.

Mvuto huo mara nyingi huingilia sikioni, ndiyo maana masufi wana neno jingine, samaa, yaani kusikiliza. Watu wakiona dufu na matari hudhani samaa ni kupiga au kucheza, kumbe kazi kubwa ni ya msikilizaji. Imamu Ghazali (1058–1111), mwanazuoni wa Kiislamu, aliitengea samaa kitabu kizima ndani ya Ihya Ulumiddin, kazi yake kubwa yenye vitabu vingi. Kwake, sauti nzuri haitii moyoni kisichokuwamo, hukiamsha kilichomo. Anayempenda Mola atazidi kumpenda, na mwenye matamanio yataamka hayohayo. Kwa hiyo samaa ina masharti: wakati, mahali, na watu ulioketi nao.

Itazame Maulidi ya Homu, uimbaji wa kumsifu Mtume, kule Zanzibar. Wanaume wenye kanzu na kofia hupiga magoti safu moja, bega kwa bega. Kasida huanza taratibu, vichwa vikiinama kidogo tu. Kisha viwiliwili vinalala upande huu, vinalala upande ule, matari yakizidisha mwendo. Ukimkazia macho mmoja peke yake huoni ajabu. Itazame safu nzima: ni wimbi.

Wakristo nao wanaijua hali iliyo jirani na hiyo, ingawa wao wanaielezea kwa imani yao. Agostino (354–430), mwana wa Afrika ya Kaskazini na askofu wa Hippo, akifafanua Zaburi ya 33 inayohimiza wimbo mpya, aliwakumbusha waumini wavunaji wa shambani. Huanza kuimba kwa maneno. Furaha ikiwajaa, maneno huyaacha, ikabaki sauti tupu. Kwa Kilatini huitwa jubilatio. Sababu aliyoitoa ni nzuri mno: Mungu hasemeki, na kunyamaza nako huwezi. Aliyewahi kusikia vigelegele vikipasuka katikati ya misa hahitaji maelezo zaidi.

Lakini Agostino huyohuyo, katika kitabu chake Maungamo, anakiri kwamba akiguswa na sauti kuliko yale yanayoimbwa, hujiona ametenda dhambi. Hapo angeweza kuketi mkeka mmoja na Ghazali. Wote wawili walichelea moyo usije ukaishia kwenye utamu wa sauti, ukamsahau anayeimbiwa.

Wala kutikisika si kipimo cha jazba. Junayd wa Baghdad, sufi aliyefariki mwaka 910, aliulizwa mbona siku hizi akiwa kwenye samaa hatikisiki tena. Alijibu kwa aya ya Kurani, ya Suratun Naml: milima unayoiona ukaidhani imesimama tuli, nayo inakwenda mwendo wa mawingu.