Kaboni ya bahari haiko kwa samaki: dhana potofu na ukweli

Watu wengi wakisikia bahari inatunza kaboni wanawaza nyangumi, samaki, matumbawe, yaani vitu vinavyoonekana. Sio kweli. Viumbe hai vyote vya baharini ukivijumlisha vina kaboni kama tani bilioni 6, wakati kaboni ogania, yaani ile inayotokana na viumbe hai, iliyoyeyuka kwenye maji yenyewe inapita tani bilioni 600, na maji ukiyaangalia ni meupe tu huoni kitu.

Dhana ingine, eti kiumbe kikifa kinazama mpaka chini kaboni inazikwa, basi. Aisee inayofika kwenye tope ni kidogo mno, nyingi inaliwa njiani. Mililita moja tu ya maji ya juu ina bakteria kama milioni 1 na virusi kama milioni 10, seli ya mwani, ule mdogo usioonekana kwa macho, ikivuja sukari kidogo bakteria wanaidaka fasta, wanaichoma wapate nguvu, na hewa ya ukaa inarudi majini.

Virusi navyo visichukuliwe kama ugonjwa tu, vinapasua mwani na bakteria, vya ndani vinamwagika na bakteria wengine wanakula, kwa hiyo kaboni ambayo ingepanda kwa samaki inabaki kuzunguka kwa hawa wadogo.

Sasa hii ndo inayonikera zaidi, kwamba bakteria kazi yao ni kuozesha tu na kurudisha kaboni hewani. Hapana jamani! Wakila wanaacha mabaki ya molekuli, maelfu kwa maelfu ya aina, zingine ngumu kumeng'enywa, zingine zimetawanyika kiasi kwamba kuzitafuta hakuwalipi, basi zinabaki. Kipimo cha kaboni 14, kinachotumika kujua umri wa vitu vya kale, kwenye maji ya kilindini kinaipa kaboni hiyo umri wa miaka kama 4000 Atlantiki na 6000 Pasifiki, na maji yenyewe huchukua kama miaka 1000 kuzunguka bahari zote, maana yake imezungushwa mara kadhaa bila kuliwa!

Na wale wanaosema tumwage chuma baharini kama mbolea, mwani uote mwingi, ufyonze hewa ya ukaa na kuzama nayo, tumalize tatizo la tabianchi, mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani na India walijaribu kwenye Bahari ya Kusini, ile inayozunguka Antaktika, jaribio la LOHAFEX, mwani ukaota kweli, halafu kopepodi, vijidudu vidogo vya majini, wakautafuna, na kaboni iliyozama ikawa kiduchu.