Tanuru la gesi likiwaka na kuzimika, hesabu muda

Tanuru la gesi la kupashia nyumba joto linalowaka kisha kuzimika lenyewe huwachanganya watu kuliko lile lisilowaka kabisa. Gesi ipo, umeme upo, moto umeonekana kwa macho, halafu kimya. Wengi hudhani gesi imekatika njiani. Inawezekana, lakini mara nyingi moto huo umezimwa kwa amri. Ndani ya tanuru mna vifaa vya ulinzi, na kimojawapo kimeifunga vali ya gesi. Anayetafuta hitilafu anataka kujua ni kipi kilichoifunga na kwa sababu gani, na kidokezo chake cha kwanza ni muda uliopita tangu moto kuwaka.

Kabla ya kuhesabu chochote, nusa. Gesi ya majumbani hutiwa makusudi kemikali yenye harufu mbaya, kama ya yai viza, ili ikivuja ijulikane. Ukiisikia harufu hiyo usiguse swichi yoyote, usipige simu ukiwa ndani. Toa watu wote nje, kisha ukiwa mbali na nyumba piga simu ya dharura ya msambazaji wa gesi au zimamoto. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa na hutuama chini, kwa hiyo anayenusa akiwa amesimama wima anaweza asiisikie mapema.

Kama hakuna harufu, rudi kwenye tanuru. La kisasa huwaka kwa hatua zinazofuatana, na kila hatua hungoja iliyotangulia ithibitishwe. Themostati, kifaa cha ukutani kinachopima joto la chumba, ikiomba joto, feni ndogo ya moshi huanza kuzunguka. Swichi ya mgandamizo wa hewa huthibitisha kwamba moshi una njia ya kutokea. Kiwashi hupata moto hadi kuwa chekundu, vali hufunguka, vichomeo huwaka. Baada ya hapo bodi ya umeme hudai ushahidi kwamba moto upo kweli, na dakika moja hivi baadaye, au pungufu, feni kubwa huanza kusukuma hewa ya joto vyumbani.

Ikiwa moto unazimika sekunde chache tu baada ya kuwaka, shaka ya kwanza iende kwenye ushahidi huo, yaani sensa ya moto. Hiki ni kijiti chembamba cha chuma, kimeshikwa na kauri, na ncha yake imezama ndani ya moto wa kichomeo. Bodi hukipa umeme wa mkondo geu. Moto una chembe zenye chaji, kwa hiyo unaweza kupitisha umeme kutoka kwenye kijiti hadi kwenye mwili wa kichomeo. Kwa kuwa kijiti ni kidogo sana kikilinganishwa na kichomeo, umeme hupita kwa urahisi upande mmoja kuliko mwingine, na kinachobaki ni mkondo mdogo wa upande mmoja ambao bodi huusoma. Mkondo wenyewe ni wa maikroampia chache tu, yaani sehemu chache za milioni za ampia. Ukishuka hadi chini ya maikroampia 1 hivi, bodi nyingi huhesabu kwamba hakuna moto na kufunga gesi, hata kama wewe unauona ukiwaka vizuri kabisa. Hufanya hivyo kwa haki, kwa sababu gesi inayomiminika bila kuungua ni mlipuko unaosubiri cheche.

Kinachoudhoofisha mkondo huo mara nyingi ni utando mwembamba unaoganda juu ya kijiti: vumbi lililoungua, au mabaki ya silika, madini kama ya mchanga, kutoka kwenye dawa za kupuliza nywele na za kusafishia zilizovutwa pamoja na hewa. Kazi ya kukisafisha inawezekana kwa mwenye nyumba aliye makini. Zima umeme wa tanuru, funga koki ya gesi, fungua skrubu inayokishika, kitoe taratibu, sugua chuma chake kwa pamba laini ya chuma, kipanguse kwa kitambaa kikavu, kirudishe mahali pale pale. Usitumie msasa mkali, maana mikwaruzo yake hukusanya uchafu upya. Tazama kauri pia. Ikiwa na ufa, badilisha kijiti chote. Usikichanganye na kiwashi, ambacho kwa kawaida huwa na nyaya mbili wakati sensa ina mmoja. Kiwashi huvunjika kwa urahisi, na mafuta ya vidole yanaweza kukipasua kikipata moto.

Sensa ikiwa safi na tatizo likarudi baada ya muda mfupi, usiendelee kusugua tu. Umeme ule lazima urudi kupitia mwili wa kichomeo na waya wa ethi. Kutu kwenye kichomeo, ethi iliyolegea, au nyaya za umeme wa nyumba zilizounganishwa kinyume, vyote huukata mzunguko. Fundi mwenye mita inayosoma maikroampia ataupima mkondo huo moto ukiwa unawaka na kumaliza ubishi.

Moto ukikaa dakika kadhaa ndipo ukazimika, huku feni kubwa ikiendelea kuzunguka, hadithi ni nyingine. Swichi ya kikomo cha joto imekata kwa sababu ndani kumezidi joto. Anza na chujio la hewa. Likijaa vumbi, hewa haipiti ya kutosha kulibeba joto. Angalia pia kama matundu ya hewa vyumbani yamefungwa au yamezibwa na samani.

Ukizimika bila mpangilio, hasa siku za upepo, theluji au mvua kubwa, tazama bomba la moshi huko nje. Kiota cha ndege, majani au theluji hutosha kuifanya swichi ya mgandamizo ikatae. Matanuru yanayotoa maji ya mvuke uliopoa yana pia mpira wa kumwagia maji hayo; ukiziba, matokeo ni yale yale.

Matanuru ya zamani yenye kimoto kidogo kinachowaka saa zote hutumia themokapo badala ya sensa. Joto la kimoto huifanya izalishe takriban milivolti 25 hadi 30, zinazotosha kushikilia sumaku ya vali. Bonyeza kitufe cha vali na ukishike kwa sekunde 30 hadi 60 baada ya kukiwasha kimoto. Kimoto kikizimika mara unapoachia, ama hakiigusi vizuri ncha ya themokapo, ama themokapo imechoka. Kuibadilisha si gharama kubwa, nami huona ni busara kuliko kuihangaikia.

Kuna swichi moja ambayo mwenye nyumba asiirudishe kwa kidole chake: ile iliyo karibu na mdomo wa vichomeo, yenye kitufe kidogo. Hukata moto unapotoka nje ya njia yake, jambo linaloweza kumaanisha moshi umezibwa au chuma kinachotenganisha moto na hewa ya vyumbani kimepasuka. Kupitia ufa kama huo kaboni monoksidi huweza kuingia ndani. Haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Watu kadhaa wakiumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu wakiwa nyumbani na kupata nafuu wakitoka, zima tanuru, hamia nje, ita msaada. Ndiyo maana ninasisitiza pia kwamba swichi yoyote ya ulinzi isiunganishwe moja kwa moja kwa waya ili kulilazimisha tanuru liwake, hata kwa usiku mmoja wa baridi kali.

Bodi nyingi hujaribu kuwasha mara tatu hivi kisha hujifunga. Kabla ya kuzima umeme ili kuifungua, tazama kupitia kidirisha taa yake ndogo na uhesabu inavyometa. Maana ya idadi hiyo kwa kawaida imebandikwa nyuma ya mlango wa tanuru. Mpe fundi idadi hiyo, muda moto ulioishi, na feni iliyokuwa ikizunguka ulipozimika.