Quito kwa mpangilio: mji mkongwe kwanza, mlima baadaye

Quito, mji mkuu wa Ekwado, uko mita 2,850 juu ya usawa wa bahari. Anayeijua njia ya Marangu kule Kilimanjaro atanielewa haraka: ukilala hotelini Quito umelala juu kuliko kibanda cha Mandara (mita 2,720), na kituo cha juu cha magari ya kebo yanayopanda mlima Pichincha, mita 3,945, kimekipita kibanda cha Horombo. Mandara unafika kwa miguu, mwili ukizoea hatua kwa hatua. Quito unashushwa na ndege.

Ndiyo maana mpangilio wa ziara una uzito kuliko orodha ya vivutio. Wageni wengi wakiona anga safi siku ya kwanza hukimbilia kebo, na usiku huo kichwa kinagonga, tumbo linachafuka, usingizi haupatikani. Hewa ya Quito ina takriban asilimia 70 ya oksijeni ya pwani, na kule juu ya kebo ni kama 60. Siku mbili za kwanza zibaki mjini: tembea polepole, kunywa maji mengi, kula kidogo kidogo, pombe ikae kando. Kichwa kikiuma, usipande zaidi mpaka kitulie. Pumzi ikibana hata ukiwa umekaa, au ukianza kuyumba ukitembea, shuka siku hiyohiyo. Uwanja wa ndege, ulioko Tababela, uko chini kwa takriban mita 400, hivyo kulala upande ule usiku wa kwanza ni uamuzi mzuri kwa anayejua mwinuko humsumbua.

Saa nayo ina kazi yake. Asubuhi mara nyingi ni safi, mchana mawingu yanajikusanya, alasiri mvua, hasa kati ya Oktoba na Mei. Kinachotaka mandhari kifanywe asubuhi, makanisa na makumbusho yasubiri mchana.

Anza na mji mkongwe. Kabla ya Wahispania hapa palikuwa kituo kikubwa cha Wainka upande wa kaskazini. Mwaka 1534 jemadari Rumiñahui aliuteketeza mji ili wavamizi wasikute kitu, na Desemba 6 mwaka huo Sebastián de Benalcázar akausimika mji wa Kihispania juu ya majivu hayo. Eneo lenyewe lilikatwakatwa na makorongo yanayoshuka kutoka mlima Pichincha. Wahispania walitaka mitaa iliyonyooka na pembe mraba, kwa hiyo makorongo yakavukwa kwa matao, yakajazwa na kufunikwa. Ndiyo maana leo mtaa ulionyooka kama rula unaweza kuporomoka ghafla kisha ukapanda tena. Vaa viatu visivyoteleza. Mawe yakilowa yanaangusha watu. Mwaka 1978 Quito na Kraków ya Poland zilikuwa miji ya kwanza kuingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO.

Kituo cha metro (treni ya chini ya ardhi) cha San Francisco kinakutoa kwenye uwanja wenyewe. Metro hii ilifunguliwa kwa umma Desemba 2023, ina vituo 15, na nauli ni senti 45. Fedha ni dola ya Marekani tangu mwaka 2000. Beba noti ndogo na sarafu, kwani noti ya 50 au 100 itakataliwa karibu kila duka dogo.

Ujenzi wa kanisa na monasteri ya San Francisco ulianza miaka ya 1530. Minara yake inaonekana mifupi kwa jengo kubwa namna ile kwa sababu ile ya awali iliangushwa na tetemeko la 1868, ikajengwa upya kwa kimo cha chini. Ndani, tafuta altare kuu: pale kuna Bikira mwenye mabawa aliyechongwa na Bernardo de Legarda mwaka 1734. Mtazame vizuri kabla hujaenda kilima cha Panecillo, ambako umbo hilohilo limekuzwa kuwa sanamu kubwa ya vipande 7,000 vya alumini. Mchongo mdogo ndio kazi ya sanaa. Ule mkubwa unaupandia kwa ajili ya mandhari ya mji. Panda kwa teksi, mwombe dereva akusubiri, usitumie ngazi za miguu, kwani wageni huporwa huko.

Hatua chache kutoka San Francisco kuna La Compañía, kanisa la Wajesuti lililojengwa kuanzia 1605 hadi 1765. Kuta na dari zimepakwa dhahabu nyembamba kama karatasi juu ya mbao zilizochongwa. Miaka miwili tu baada ya kulimaliza, Wajesuti walifukuzwa katika himaya yote ya Hispania.

Kuna kazi moja ya Quito ambayo Mwafrika angetamani kuiona hapa, lakini iko Madrid. Mwaka 1599 mchoraji mzawa Andrés Sánchez Gallque alimchora Don Francisco de Arobe na wanawe wawili, viongozi wenye asili ya Kiafrika kutoka pwani ya Esmeraldas. Wamevaa kola za Kihispania, mikuki mkononi, dhahabu masikioni na puani. Hawakuchorwa kama watumwa. Picha ilipelekwa kwa Mfalme Felipe III.

Kwenye Plaza Grande, uwanja mkuu wa mji mkongwe, mambo ya siasa yamebanana. Agosti 10, 1809 wakuu wa Quito waliunda serikali yao. Agosti 2, 1810 wengi wao waliuawa wakiwa kizuizini, katika jengo ambalo sasa ni kituo cha utamaduni. Uhuru ulipatikana Mei 24, 1822, Antonio José de Sucre alipowashinda Wahispania kwenye miteremko ya Pichincha. Kaburi lake liko katika Kanisa Kuu, uwanja huohuo. Upande mwingine wa uwanja ni ikulu ya Carondelet, ambako Rais Gabriel García Moreno aliuawa mwaka 1875.

Basilika ya Voto Nacional ni changa kuliko inavyoonekana. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1892. Pale ambapo makanisa ya Ulaya yana mazimwi ya mawe, hapa wametokeza kobe, iguana na armadilo. Minara inapandwa, lakini ngazi za mwisho ni za chuma na wima, nje kabisa. Mwenye kizunguzungu asijaribu.

Siku ya tatu panda TelefériQo, yaani ile kebo, mapema. Kutoka kituo cha juu njia inaelekea kilele cha Rucu Pichincha, takriban mita 4,700, na sehemu ya mwisho ni mchanga na miamba. Hatari kubwa ni ukungu na radi za mchana, maana mteremko ule hauna mti wa kujificha. Ikifika saa sita hujafika, geuka.

Mstari wa Ikweta uutengee siku yake. Mwaka 1736 wanasayansi wa Ufaransa, wakiwemo La Condamine, Bouguer na Godin, walifika kupima urefu wa digrii moja ya latitudo, wakathibitisha kwamba dunia imetuna katikati. Mstari wao wa kwanza waliupima ardhini kwenye uwanda wa Yaruquí, jirani na uwanja wa ndege wa leo. Mnara wa Mitad del Mundo, wa mita 30, uliojengwa kuadhimisha Ikweta, uko kama mita 240 kusini mwa Ikweta inayoonyeshwa na GPS. Tusiwacheke wapimaji wa kale: sekunde moja ya latitudo (sehemu moja ya 3,600 ya digrii) ni karibu mita 31, kwa hiyo tofauti yote haifiki sekunde nane. Walitegemea nyota na timazi, na timazi ikiwa karibu na mlima huvutwa pembeni kidogo. Bouguer mwenyewe alijaribu kuupima mvuto huo kwenye mlima Chimborazo mwaka 1738.

Utaonyeshwa pia maji yakizunguka kulia upande mmoja wa mstari na kushoto upande wa pili, kama wanavyofanya Nanyuki. Si kweli. Kwenye Ikweta nguvu ya mzunguko wa dunia inayogeuza pepo na mikondo ni sifuri, na mita chache pembeni ni ndogo mno kugeuza beseni. Tazama mkono wa mwonyeshaji: upande anaomiminia maji ndio unaoamua.

Karibu na hapo kuna kreta ya Pululahua, ambako watu wanalima ndani ya volkano. Mawingu huijaza mchana, kwa hiyo anza nayo asubuhi, kisha rudi kwenye mnara.